Kiti Kilichomrudisha Mama Sinema

Ile filamu hatukuimaliza. Zilikuwa zimebaki kama dakika thelathini Mama aliponigusa mkono gizani na kuninong'oneza: "Mwanangu, tutoke. Nyonga inaniwaka moto." Nikamshika kwapani, tukaanza kupita mbele ya magoti ya watu wanane, kila mmoja akijikunja kutupisha, na kila hatua Mama anaomba radhi. Nje kwenye korido aliegemea ukuta, macho ameyafumba, akisubiri maumivu yatulie. Nyuma ya mlango tulisikia muziki ukipanda, kisha ukumbi mzima ukashtuka kwa pamoja. "Rudi ukaone," akaniambia, "utanisimulia." Sikurudi. Nilienda peke yangu siku nyingine, nikamsimulia mwisho kwa simu, naye akanisikiliza kimya hadi nikamaliza. Baada ya hapo ikapita miaka saba bila Mama kukanyaga ukumbi wa sinema.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu viti vya kujinyoosha, vile vinavyolala mgongo na kuinua miguu kwa kubonyeza kitufe, siandiki kuhusu anasa. Najua wengi huviona hivyo. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba sinema si kitanda, mwenye kutaka kulala abaki kwake. Maneno hayo husemwa na mtu ambaye nyonga yake haijawahi kumtoa ukumbini kabla ya mwisho.

Kiti cha zamani cha sinema hakikubuniwa kwa ajili ya mwili. Kilibuniwa kwa ajili ya hesabu. Kumbi za kwanza kabisa zilikuwa vyumba tu: mwaka 1905 mjini Pittsburgh, Marekani, duka lililogeuzwa kuwa ukumbi wa picha zinazosonga liliingiza watu 96, na onyesho lilikuwa fupi kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuulizia mgongo wake. Baadaye zikaja kumbi kubwa kama majumba ya kifalme. Roxy ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa na viti karibu 6,000. Ukitaka watu wengi namna hiyo waketi chini ya paa moja, unawapanga magoti yakigusa mgongo wa aliye mbele, na unawapa kiti kinachojikunja chenyewe wakisimama ili pawe na njia ya kupita. Kujikunja kule ndiko ule ubunifu wenyewe. Kulikuwa kwa faida ya njia, si kwa faida ya mkaaji. Filamu zikarefuka hadi saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu, na kiti kikabaki kile kile: mgongo umesimama, paja na kiwiliwili vimefanya pembe mraba, miguu inaning'inia au inatafuta pa kujibana.

Pembe hiyo ndiyo iliyomtoa Mama. Daktari wake alitueleza kwa kutumia ngumi yake mwenyewe: ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja, kiganja kilichokunjwa ni tundu la nyonga. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ikishalika, kukunja nyonga kwa muda mrefu kunabana pale pale palipoumia, na kukaa bila kusogea kunaikaza hadi kuinuka kunakuwa adhabu. Ukimfungulia pembe hiyo kidogo tu, kiwiliwili kikarudi nyuma na miguu ikapanda, anapata nafuu. Nyumbani alikuwa ameshaligundua hilo kwa mito mitatu na kigoda.

Mimi nina diski ya kiuno, moja ya zile pedi laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, inayonisumbua, kwa hiyo nilianza kusoma kuhusu jambo hili kwa sababu zangu pia. Katika miaka ya 1960 na 1970, daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai kwa kuingiza sindano yenye kipimo. Alikuta kwamba kukaa wima bila kuegemea chochote kunazibana diski kuliko hata kusimama, na kulala chali kunazipumzisha kuliko mikao yote. Mwaka 1999 watafiti nchini Ujerumani walimwekea mtu mmoja kipimo mgongoni na kumfuatilia kwa takriban saa 24, akikaa, akitembea, akilala. Matokeo yao hayakukubaliana na Nachemson kuhusu kukaa na kusimama, lakini yalikubaliana naye katika hili: mtu akijilaza nyuma kwenye kiti, shinikizo linashuka. Na mwaka 2006, mjini Aberdeen, Uskochi, madaktari walitumia mashine ya MRI inayoweza kumpiga picha mtu akiwa ameketi. Waliwachunguza watu 22 wenye migongo mizima, na wakaona kwamba mkao ambao diski hazikusogea sana kama katika mikao mingine ni ule ambao kiwiliwili na mapaja vimefanya pembe ya takriban nyuzi 135. Ule wa nyuzi 90, ambao tulikuwa tukigombezwa shuleni tukiuacha, ulizisumbua diski zaidi.

Nyuzi 135. Nilipolisoma hilo nilichukua karatasi nikaikunja pembe hiyo, nikaitazama. Ni umbo la mtu aliyejiegemeza akiongea na watu anaowapenda baada ya kazi za siku. Mwili umelijua siku zote.

Kiti chenyewe kina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1928, kule Monroe, Michigan, binamu wawili, Edward Knabusch na Edwin Shoemaker, walitengeneza kiti cha mbao cha barazani ambacho mgongo wake ulilala kadiri mtu anavyojiegemeza. Mwaka uliofuata walikiwekea godoro ili kikae ndani ya nyumba, na jina lake, La-Z-Boy, likapatikana kwa shindano. Kwa hiyo wakati Roxy inajaza maelfu ya watu kwenye viti vya kujikunja, kiti cha kulalia tayari kilikuwa kimezaliwa nchi hiyo hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 80 viwili hivyo kukutana kwa wingi.

Vilikutana kwa sababu kumbi zilikuwa zinakosa watu. Televisheni za nyumbani zilikuwa zimekuwa kubwa, picha safi, na kila nyumba ina kochi. Mwenye ukumbi akijiuliza kwa nini watu hawaji, jibu mojawapo lilikuwa pale sebuleni kwake. Mwaka 2014 AMC, kampuni ya kumbi za sinema ya Marekani, ilitangaza kwamba itatumia takriban dola milioni 600 kwa miaka mitano kung'oa viti vya zamani na kuweka vya kujinyoosha. Na haikuwa kung'oa kimoja na kuweka kimoja. Kiti kinacholala kinahitaji nafasi mbele na nyuma. Safu za zamani zilitengana kama mita moja hivi, hizi zinataka karibu mita mbili. Katika baadhi ya kumbi viti viwili kati ya vitatu viliondolewa moja kwa moja. Fikiria ujasiri wa mfanyabiashara anayetupa theluthi mbili ya nafasi zake za kuuza akiamini kwamba watu watarudi. Walirudi, na kampuni nyingine zikafuata, ndani na nje ya Marekani.

Siku ya kumrudisha Mama sikumwambia mengi. Nilimwambia tu kuna ukumbi viti vyake ni tofauti, na kwamba tukiondoka katikati sitanung'unika. Alivaa viatu vya kufunga kamba, ishara kwamba hakupanga kustarehe. Tulipoingia alisimama kwanza, akatazama ile nafasi mbele ya safu. Mtu angeweza kupita na ndoo kichwani bila kumgusa aliyeketi. Akakaa taratibu kama anavyokaa siku zote, mkono mmoja umeshika mkono wa kiti, mwingine bega langu.

Nikamwonyesha vitufe viwili upande wa ndani wa mkono wa kiti, kimoja cha kulaza, kimoja cha kurudisha. Akabonyeza. Kiti kikatoa mvumo mdogo, akauondoa mkono haraka. "Kinaenda chenyewe?"

"Kinaenda ukibonyeza tu, Mama. Ukiachia kinasimama."

Hilo lilimtuliza. Akabonyeza tena, safari hii kidole amekiacha palepale. Chini ya kiti mota ndogo ya umeme ilikuwa inasukuma fimbo ya chuma polepole, na ile fimbo inafungua vyuma vilivyopishana kama mkasi: kwanza ubao wa miguu ukapanda ukampokea visigino, kisha mgongo ukaanza kurudi. Niliangalia uso wake, siyo kiti. Kuna mahali fulani, kama theluthi mbili ya safari, pale paji lake la uso lilipofunguka. Akaachia kitufe. Akakaa hivyo kwa muda bila kusema kitu, kisha akainama kidogo, akafungua kamba za viatu, akavivua.

Kuna faida moja ya viti hivi ambayo sijaisikia ikitajwa sana, nayo kwetu ilikuwa kubwa kuliko godoro. Ni mahali pa kukaa. Kuanzia miaka ya 1990, hasa baada ya ukumbi wa AMC Grand wenye skrini 24 kufunguliwa Dallas mwaka 1995, sinema zilianza kujengwa kwa ngazi kama uwanja wa mpira, kila safu juu ya nyingine. Ni jambo zuri kwa macho, hakuna kichwa cha mtu kinachokukinga. Lakini viti bora vikawa juu, na juu kunafikiwa kwa ngazi, gizani. Waliotumia viti vya magurudumu walijikuta wamewekwa mbele kabisa, shingo zimepinda kutazama skrini iliyo juu yao. Mwaka 1999 Wizara ya Sheria ya Marekani iliipeleka AMC mahakamani kwa jambo hilo hilo. Mama alikuwa na chaguo kama lao: apande ngazi ishirini na nyonga ile, au akae mbele avunjike shingo.

Kiti cha kulalia kinaibadilisha hesabu hii. Mtu akijilaza, macho yake yanaelekea juu bila shingo kukunjwa, kwa sababu ni mwili mzima umelala nyuma, siyo kichwa peke yake. Wataalamu wa kumbi husema ukingo wa juu wa skrini usizidi nyuzi 35 kutoka usawa wa macho ya aliyeketi wima, la sivyo shingo inachoka. Ukishaulaza mwili nyuma, nyuzi hizo unazibeba kwa mgongo. Kwa hiyo safu ya pili kutoka mbele, tuliyokuwa tukiikwepa kama ugonjwa, ikawa mahali pazuri kabisa, na iko hatua chache tu kutoka mlangoni, bila ngazi. Ndipo tulipokaa. Ndipo tunapokaa hadi leo.

Siwezi kusema hakuna kilichopotea. Nakumbuka kucheka katika ukumbi uliojaa, mabega yanagusana, na kicheko kinakujia kutoka nyuma kabla hujajua kwa nini unacheka. Kicheko kinahitaji ukaribu. Katika ukumbi wa viti vya kujinyoosha watu ni wachache na kila mmoja yuko kwenye kisiwa chake. Kichekesho kinapita, unasikia vicheko vitatu vinne vimetawanyika, vinazima. Filamu ya kutisha nayo inapungua makali ukiwa umejilaza. Mwili ulioshtuka hutaka kukaa wima, na nimejikuta nikikirudisha kiti katikati ya hofu. Nadhani mwenye ukumbi mwenye busara angeacha angalau chumba kimoja na viti vya kawaida vilivyobanana, vizuri lakini vya wima, kwa ajili ya filamu zinazotaka umati. Na bei inapopanda kwa kisingizio cha kiti, mwenye familia kubwa anaachwa nje, na hilo linaniuma kwa sababu ndiko tulikotoka.

Kuhusu usingizi, ndiyo, watu hulala. Sioni ubaya mkubwa. Mtu aliyechoka alikuwa akilala hata kwenye kile kiti kigumu, ila aliamka na shingo imepinda.

Ninacholalamikia kwa dhati ni utengenezaji wa haraka na utunzaji wa kizembe. Vitufe, kwa mfano. Ukumbi ni giza, mkaaji mara nyingi ni mtu mzima, na bado kuna viti ambavyo vitufe vyake viwili vinafanana kabisa kwa kidole. Siku ya kwanza Mama alipotaka kuinuka alibonyeza cha kulaza mara mbili, akaanza kuwa na wasiwasi. Kipele kimoja kidogo juu ya kitufe cha kurudisha kingetosha. Kuna vingine ambavyo mpaka ubao wa miguu ushuke kabisa huwezi kuinuka, na ubao wenyewe unashuka polepole mno kwa mtu anayehitaji kwenda msalani. Kuna ngozi bandia iliyochanika ikazibwa kwa gundi ya karatasi, na upande wa ndani wa mkono wa kiti mabaki ya vyakula vya maonyesho matatu yaliyopita.

Siku moja, katika ukumbi ambao sitautaja, kiti cha Mama kilikufa kikiwa kimelala. Kitufe kilibonyezwa, kimya. Taa zimewashwa, watu wanatoka, na yeye yuko chali miguu juu, hawezi kujivuta. Hakupiga kelele. Alinishika kiganja akaniambia, "Usiniache hapa." Mhudumu alikuja na tochi, kijana mdogo, akatafuta plagi chini ya safu, hakuipata. Mwishowe mimi na yeye tulimwinua kwa kumshika mgongoni na chini ya magoti, kama anavyoinuliwa mgonjwa. Kijana aliomba radhi kwa moyo wake wote, na sikumlaumu. Lakini kiti cha mota kinachowekwa chini ya watu wasio na nguvu kinapaswa kuwa na njia ya kukirudisha kwa mkono umeme ukikatika, na kila mhudumu awe anaijua.

Na si suala la usumbufu tu. Mwaka 2018, mjini Birmingham, Uingereza, mtu alifariki baada ya kubanwa chini ya ubao wa miguu wa kiti cha sinema kinachotumia umeme. Alikuwa ameinama kutafuta simu na funguo zake zilizoanguka. Tangu nilipoisoma habari hiyo nina sheria yangu: kitu kikianguka chini ya kiti, tunasubiri taa ziwake, tunainuka wote, na tunamwita mhudumu. Nimewafundisha na watoto wa dada yangu. Kiti hiki ni mashine. Kinabembeleza kama kochi, lakini ni mashine, na anayekiuza na anayekiweka wanadaiwa ukaguzi kama wa mashine.

Nikiulizwa nini cha kuangalia kabla ya kumpeleka mzazi, husema hivi: nenda mwenyewe kwanza. Kaa, jilaze, kisha inuka bila kutumia mikono, uone kama kiti kinakusukuma au kinakumeza. Vile vilaini sana vinameza, na mtu wa nyonga mbovu akimezwa hatoki. Angalia kama mgongo na miguu vinakwenda pamoja au kila kimoja na kitufe chake. Vya kutengana ni bora, maana mwingine anataka miguu juu na mgongo wima. Pia chunguza mto wa kichwa usije ukamsukuma kidevu kifuani. Mama ni mfupi, kwa hiyo nabeba kimto kidogo cha kiuno, kwa sababu viti hivi vingi vimechongwa kwa mtu mrefu kuliko yeye.

Ile siku ya kwanza filamu ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi. Nilikuwa nimezoea kumsikiliza pembeni: ile pumzi anayoivuta akibadilisha upande, ule mguno anaouficha kwa kukohoa. Ilipofika saa moja na nusu, muda ambao zamani angekuwa ameshanigusa mkono, niligeuka kumtazama. Mwanga wa skrini ulikuwa usoni kwake. Mdomo umefunguka kidogo. Vidole vya miguu, ndani ya soksi, vilikuwa vinachezacheza kwa mdundo wa muziki. Hakuniona.

Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini hakutaka kuinuka. Akayasoma, au alijifanya anayasoma. Kisha akabonyeza kitufe sahihi, kiti kikampandisha taratibu hadi nyayo zikagusa sakafu, akavaa viatu vyake bila kuniomba msaada wa kamba. Njiani tulibishana. Mimi nilisema yule mwanamke aliondoka kwa sababu hakumpenda tena mumewe. Mama akasema hapana, sikuona jinsi alivyoirudisha ile kofia kwenye msumari, mtu asiyependa harudishi kofia ya mtu mahali pake. Nilikuwa nimeiona ile kofia, na sikuwa nimefikiria hivyo.

Akanyamaza kidogo, tukatembea. Halafu akasema, "Na ile ya siku ile, tuliyotoka. Nitafutie. Ulinisimulia vizuri, mwanangu, lakini mwisho wake nataka niuone mwenyewe."